Vichwa vya habari vya "ingekuwaje kama" kuhusu Kisumu na Nakuru: mbona havichekeshi?

NyavuNaNanga (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Mwezi ujao kuna jioni ya vichekesho vya historia hapa Kisumu. Ukuta mmoja utabandikwa kurasa za mbele za magazeti ya zamani, ila historia iwe imepinda kidogo. Vilivyo tayari ni hivi:

1901: RELI IMEKATAA KUFIKA KISUMU
1902: KISUMU IMEBAKI UGANDA, KENYA IMEPOTEZA ZIWA
1987: GOR MAHIA IMESHINDWA KOMBE LA AFRIKA

Waliosoma wamenyamaza tu. Kosa liko wapi? Na karatasi nitaifanyaje ionekane kuukuu bila wino kuvuja?

Mzee_wa_Stesheni

Gazeti lako linajua kuna historia nyingine, na hapo ndipo kicheko kinapofia. Mhariri wa gazeti la namna hii hajui lolote. Kwake mambo yamekwenda hivyo tangu zamani, naye anaripoti habari ndogo ya siku. Usitangaze badiliko. Lifiche, ruka miaka 30 au 60 mbele, kisha andika tukio dogo ambalo lisingewezekana bila hilo badiliko. Msomaji akiligundua mwenyewe, atacheka.

Chukua reli. Upimaji wa mwanzo uliikusudia iishie Port Victoria, kule Busia, kabla mpango haujahamishiwa Kisumu, ambako ilifika tarehe 20 Desemba 1901. Sasa acha mpango wa kwanza usimame, na 1901 usiiguse kabisa. Andika 1963: KIJIJI CHA KISUMU CHAPATA POSTA YA KWANZA. Chini yake, kwa herufi ndogo: "Barua zitaletwa kwa mashua kutoka jijini Port Victoria." Mtu wa Kondele, mtaa wa hapo Kisumu, akifika hapo lazima asimame.

La pili lina kasoro ya ukweli. Mwaka 1902 hakukuwa na koloni liitwalo Kenya. Jina hilo lilikuja 1920. Tena si Kisumu pekee iliyokuwa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Naivasha, kwa hiyo Nakuru nayo ilikuwemo, na utamu wa habari uko hapo! Mpaka usingehamishwa mwaka ule, forodha ingekaa Bonde la Ufa. 1974: MAGUNIA 40 YA OMENA YAZUILIWA NAIVASHA. Shehena ya dagaa hao inanuka, afisa hana ghala, na gazeti linaripoti kwa uzito wote.

Timu ya Gor Mahia nayo usiishushe, badilisha kanuni moja tu. Fainali ya Kombe la Washindi la Afrika dhidi ya Esperance ya Tunisia ilikuwa 2-2 kule Tunis na 1-1 uwanja wa Kasarani, Nairobi, kombe likaja kwa mabao ya ugenini. Ondoa kanuni hiyo: jumla ni 3-3, zinafuata penalti. Mechi ya marudiano ilichezwa Jumamosi, 5 Desemba 1987, basi gazeti liwe la Jumapili tarehe 6: PENALTI YA 61 YAPIGWA KASARANI, MASHABIKI WALETEWA UJI.

Menengai_Juu

Nakubaliana na Mzee, naongeza la lugha. Kichwa cha gazeti la Kiswahili hakisemi "imefika" wala "imeshindwa". Kinasema "yafika", "yashindwa", "walalamika". Hiyo -a- fupi peke yake inampeleka msomaji gazetini. Maneno sita hadi nane yanatosha.

Chunga maneno ya enzi. "Kaunti" kama ya leo haikuwapo kabla ya katiba ya 2010. Andika mkoa wa Nyanza, wilaya, Bwana DC (mkuu wa wilaya). Bei ya kabla ya 1920 iwe rupia. Florini ilipita muda mfupi, ndipo shilingi ikaja. Ukikosea kitu kidogo kama hicho, msomaji anaanza kutafuta makosa badala ya kucheka.

Na msisahau ziwa. Ndege za maji za Imperial Airways, shirika la Uingereza, zilianza kutua Kisumu 1931. Tuseme hazikuacha kamwe. 1998: KIBOKO ACHELEWESHA NDEGE YA LONDON SAA NNE. Au mbuta, samaki mkubwa anayekula fulu, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyetiwa humo miaka ya 1950, asingeletwa: WAVUVI WA DUNGA WALALAMIKA, FULU WAZIDI.

KopiNaKaratasi

La karatasi. Ukuukuu unatokana na kuiloweka kwenye chai. Usitumie printa ya wino wa maji, utavuja ukigusa chai. Toa fotokopi au tumia printa ya leza, maana unga wake ni plastiki iliyoyeyushwa juu ya karatasi, na maji hayauondoi.

Chemsha majani ya chai vijiko vitatu vikubwa kwa nusu lita ya maji, dakika tano. Chuja vizuri, chembe zikibaki zinaacha madoa meusi. Ngoja iwe vuguvugu, mimina kwenye sinia, laza karatasi moja moja dakika tatu. Ya gramu 80 inavumilia. Nyembamba zaidi inachanika ukiiinua, kwa hiyo ishike pembe mbili za upande mmoja na uinue polepole. Anika kivulini juu ya kitambaa. Juani inajikunja. Ukitaka kuinyoosha, pasi iwe ya moto mdogo, upande wa nyuma, na kitambaa katikati, la sivyo ule unga unayeyuka tena na kunata.

Jina la gazeti buni lako. *Baraza* lilianza 1939 na *Taifa Leo* 1960, kwa hiyo kuyaweka kwenye ukurasa wa 1920 ni kosa, na hata miaka ikilingana, mtu atapiga picha aisambaze kwenye WhatsApp kama habari ya kweli. Neno MZAHA lichapwe ndani ya ukurasa wenyewe, karibu na tarehe. Maelezo ya pembeni hukatwa.

NyavuNaNanga (Kisumu)

Asanteni sana wakuu. La reli nimelisuka upya: 1963, KISUMU YAOMBA TAA YA BARABARANI, PORT VICTORIA YAAHIDI KUFIKIRIA.

Mzee_wa_Stesheni

Hilo limekaa. Ila toa "yaahidi kufikiria", hapo mwandishi anachungulia dirishani, anaonyesha kuwa anatania. Weka PORT VICTORIA YATUMA KARABAI MBILI.