Nimelipa nitengenezewe gari, nimefanyiwa kazi ya funika kombe: kutu chini ya rangi mpya, siti za ngozi zimechubuliwa kwa thina

Assalamu alaykum ndugu wanajamvi.

Ninaandika nikiwa na hasira, wala sitaificha, kwa sababu nimetoa shilingi 650,000 za halali ili gari langu litengenezwe, na nimerudishiwa gari lililoharibika kuliko lilivyokuwa siku niliyolipeleka. Gereji yenyewe ipo hapa mjini Unguja. Sitaitaja jina kwa kuwa shauri letu bado halijamalizika, lakini kazi waliyoifanya nitaieleza yote, ili mwengine asije akatumbukia shimo nililotumbukia mimi.

Gari ni Toyota, nyeupe ya lulu, yenye siti za ngozi za rangi ya maziwa. Shughuli zangu hunipeleka Paje na Jambiani kila wiki, kwa hiyo linashinda kwenye upepo wa bahari. Mwaka jana mlango wa nyuma wa kushoto ulikwaruzwa na ukuta wa mawe katika njia nyembamba za Ng'ambo. Sikuushughulikia mapema, kosa hilo ni langu, na chumvi ikaula mkwaruzo ule mpaka ikatokea kutu ya ukubwa wa kiganja. Ndani, mama yangu alikalia siti ya mbele siku ya mvua akiwa amejifunga kanga mpya, na buluu ya kanga ikahamia kwenye ngozi. Hayo mawili ndiyo niliyowapelekea mwezi wa Februari. La tatu, la kuling'arisha gari zima kwa mashine, waliliongeza wenyewe wakisema ni zawadi. "Usiwe na shaka, ami," aliniambia msimamizi wao, "utalichukua kama limeshuka melini leo." Nilipakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, nikakubali.

Nililipokea baada ya sala ya magharibi, chini ya taa, likimetameta. Gari lililopigwa rangi halipokelewi usiku. Hilo nimelijua kwa fedha yangu. Asubuhi yake jua lilipolipiga ubavuni, mlango ule ulionekana kama umepakwa chokaa.

Ndani ya boneti ya Toyota iliyotoka Japani kuna kibao kidogo chenye namba ya rangi, na changu kimeandikwa 070. Rangi hiyo hupigwa kwa matabaka matatu: nyeupe ya chini, kisha tabaka la lulu linalopitisha mwanga, kisha klia juu yake, yaani tabaka la mwisho lisilo na rangi linaloikinga. Lulu ndiyo inayobadilika kadiri unavyolizunguka gari, na hakuna nyeupe ya kopo itakayofanana nayo. Hata fundi aliyechanganya rangi sawasawa huiacha ififie taratibu kuelekea mlango wa pili, ndipo akapiga klia milango yote miwili, ili jicho lisiuone mpaka. Nilipomuuliza kijana aliyepuliza rangi kama alikisoma kibao, aliniuliza kibao gani.

Nikasogeza uso karibu na mlango. Rangi ilikuwa imejaa vishimo vya duara, kila kimoja kama kichwa cha pini, na katikati ya kila kimoja praima, ile rangi ya msingi inayotangulia chini, inaonekana. Vishimo hivyo hutokea pale rangi inapoangukia mafuta au silikoni ikashindwa kushika, na mimi ninajua silikoni ile ilitoka wapi, kwa sababu siku ya tatu nilipita kuangalia kazi nikaona kwa macho yangu. Kijana mmoja alikuwa akipuliza ndani ya gari ile dawa ya kung'arisha dashbodi, ambayo nyingi huwa na silikoni, akiifuta kwa kitambaa, kisha kwa kitambaa hicho hicho akatoka nje akapangusa vumbi kwenye mlango uliokuwa ukisubiri rangi. Nilinyamaza kwa kudhani wanajua wanalolifanya. Kumbe kazi ya ndani na kazi ya mlango, kazi mbili ambazo hazikupaswa hata kugusana, walizichanganya kwa tambara moja.

Kutu ndiyo iliyonitoa roho. Mvua za masika zilipoanza, miezi miwili haijatimia, nikaona uvimbe juu kidogo ya ukingo wa chini wa mlango, mdogo kama punje ya choroko. Niliubonyeza kwa ukucha, ukapasuka, yakatoka maji ya rangi ya chai. Nikachokoa kwa ncha ya ufunguo, na puti, ule uji mzito wa kuzibia mabonde ya bati unaokauka ukawa mgumu, ikabanduka bonge zima, huku upande wake wa ndani umeshikamana na ganda la kutu jekundu. Hawakukwangua kitu. Walipaka puti juu ya kutu, wakapiga msasa, wakapuliza rangi.

Fundi yeyote wa visiwani anapaswa kulijua hili kabla hajajua kushika bunduki ya rangi, kwamba puti hunyonya unyevu, na ukiifunika kutu pamoja na chumvi yake, kutu huendelea kula bati huko chini ambako huioni. Kwanza mlango ulipaswa kuoshwa kwa maji baridi mengi, yaani yasiyo ya chumvi, ili chumvi itoke, halafu ukakwanguliwa mpaka bati jeupe linalong'aa, na vile vishimo ambavyo msasa haufiki vikatiwa dawa ya kuua kutu. Baada ya hapo ingepigwa praima ya epoksi, na puti ingekaa juu ya praima hiyo, wala si juu ya bati tupu. Na yote haya yalihitaji mahali pasipo na vumbi na pampu ya upepo yenye kichujio cha maji, kwani hewa yetu ina unyevu mwingi na maji yakipita kwenye mpira huishia ndani ya rangi. Wao walipuliza nje, chini ya mwembe.

Ile zawadi ya mashine nayo imeniachia jeraha. Walilikosha gari kwa sabuni ya unga na maji ya kisima, wakaliacha likaukie juani. Maji ya visima vyetu yana chokaa, na tone likikaukia juu ya rangi huacha duara jeupe. Maduara hayo hutoka kwa siki iliyozimuliwa na maji na kitambaa laini, kisha gari likasuuzwa. Wao wakayafuata kwa mashine na dawa kali ya kukatia rangi. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 au 50 tu, yaani haifiki unene wa unywele mmoja, na kwenye kingo na mikunjo huwa nyembamba zaidi. Fundi makini hubandika utepe kwenye kingo kabla ya kuwasha mashine. Kwangu hawakubandika. Ukingo wa mbele wa boneti umelika mpaka praima ya kijivu imetokea, urefu wa shubiri nzima, na boneti yote ina michirizi ya duara inayoonekana kila jua linapotoka.

Sasa siti. Ngozi ya siti za gari za siku hizi si ngozi ya ngoma. Imepakwa rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba wa poliyurethani unaoikinga na jasho na uchafu. Dondoshea tone la maji: likikaa juu kama lulu bila kuzama, ujue ngozi yako ina utando, na unachokitunza wewe ni utando huo. Doa la kanga lilikuwa limekaa juu yake tu. Lilihitaji kitambaa laini, maji ya uvuguvugu, sabuni ya ngozi isiyo kali na brashi laini, kwa kurudiarudia na kwa subira. Kama lisingetoka lote ningelikubali lilivyo, maana doa hafifu la kanga ya mama yangu halinidhuru kitu.

Walilitoa kwa thina, ile ile ya kusafishia bunduki ya rangi. Doa lilitoka, na utando ukatoka, na rangi ya ngozi ikatoka. Palipokuwa na doa la buluu sasa pana baka la kijivu lenye nyuzinyuzi kama karatasi iliyolowa, na ukidondosha maji yanazama papo hapo. Ili baka lisionekane siku ya kunikabidhi, wakazipaka siti zote mafuta ya nazi. Mafuta hayapenyi penye utando, hukaa juu yakadaka vumbi, na gari lililofungwa juani likipata joto siti hutoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Mchanga wa Paje uliokuwa ukipangusika kwa kitambaa sasa umeganda kwenye mishono, na kila ninapokaa na kuinuka unasugua kama msasa. Ubavu wa siti ya dereva umeanza kupasuka nyufa.

Nilipowarudia, msimamizi alisema, "Ami, hii ni hewa ya bahari, hata gari jipya lingefanya hivyo." Jawabu hilo sikulikubali wala sitalikubali. Hewa ya bahari haikumkuta ghafla. Amezaliwa ndani yake na anakula kwa sababu yake, kwani kutu ndiyo inayomletea wateja. Hewa ya bahari haikumwaga thina kwenye siti yangu.

Ninachokidai ni kitu kinachopimika. Mlango ukwanguliwe mpaka bati, mbele ya macho yangu, na upigwe 070 ya matabaka matatu. Boneti ipigwe klia upya. Fedha ya kazi ya siti irudishwe yote, kwa sababu siti hizo sitaki waziguse tena. Nimewapa barua yenye picha za kabla na baada, na wiki mbili za kunijibu. Wakinyamaza nitapeleka malalamiko Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar, kwani tunayo sheria ya kumlinda mtumiaji tangu 2018, nami nina risiti yenye muhuri.

Kwenu ninaomba jambo moja. Ngozi iliyochubuliwa hutengenezeka: husafishwa mafuta yote, hulainishwa kwa msasa mwembamba sana, hujazwa nyufa, kisha hupakwa rangi maalumu ya ngozi na kufungwa kwa utando mpya. Anayemjua fundi aliyewahi kuifanya kazi hiyo, na ambaye siti aliyoitengeneza imeshapita angalau masika moja na kaskazi moja bila kubanduka, tafadhali aniandikie faragha na aniruhusu nikaione siti hiyo mchana. Akiwa Pemba pia si tatizo. Nitalipakia gari kwenye meli mpaka Mkoani.