Kutoka jukwaani kwenda kwenye riwaya: nianzie wapi?

Swali (Iringa): Habari zenu wakuu. Nimeigiza na kuongoza michezo ya jukwaani miaka mingi, sasa naandika riwaya inayotokea Mwanjelwa, Mbeya. Walioisoma wanasema ni mazungumzo matupu. Nirekebisheje?

Jibu 1: Jukwaani taa, vazi na uso wa mwigizaji hubeba nusu ya maana. Kwenye karatasi havipo, ndiyo maana wahusika wako wanalazimika kusema kila kitu. Chukua onyesho moja, teua mhusika mmoja awe jicho letu, uliandike upya bila kuingia kichwa cha mwingine mpaka sura iishe. Kisha futa kauli zote zinazorudia kile ambacho tendo limeshaonyesha. Mchezo wa saa moja na nusu huwa na maneno kama 15,000. Riwaya huanzia 50,000 hivi. Pengo hilo lijaze kwa mawazo, muda unaopita na mahali: baridi ya Juni, tope la sokoni, anayeuza viazi na anayekwepa deni. Tafadhali usilijaze porojo.

Jibu 2: Sikio lako ni mtaji, dada. Soma kila ukurasa kwa sauti. Ulimi ukikwama, sentensi ina kasoro. Ila maelekezo kama "anaingia kwa hasira" yaondoe yote.

Jibu 3: Mswada ukikamilika, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu) huombwa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kazi husajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Wachapaji wengi hukunja karatasi kwa mafungu ya kurasa 16, kwa hiyo panga 192 au 208. Zikizidi kurasa mbili tu, unalipia fungu zima.