Msaada: sindano ya kuzima jeni kwa uvimbe wa mdomoni

Kidagaa: Wakuu, heshima zenu. Mjomba wangu ana kidonda ubavuni mwa ulimi, kinyama kimepimwa, ni saratani. Kuna kliniki nje ina sindano ya kuzima jeni inayoita mishipa ya damu, uvimbe ufe njaa. Swali moja tu: visa ya matibabu inachukua muda gani?

BibiShamba: Pole mwanangu. Kaka yangu ni kuberi, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, ilimmaliza. Hata alipokuwa anapigwa mionzi aliificha kwenye soksi! Acheni kuberi, acheni pombe.

MzeeWaMaabara: Visa baadaye. Wazo lenyewe si uongo. Uvimbe hutoa VEGF, protini inayovuta mishipa mipya, na kipande kifupi cha RNA (kemikali inayobeba maagizo ya jeni) kinaweza kuharibu ujumbe wa kuitengeneza. Wanasayansi Fire na Mello waligundua mbinu hiyo kwenye minyoo 1998, wakapata tuzo ya Nobel 2006. Kazi ni kukifikisha kipande hicho kwenye uvimbe. Kwenye damu husambaratika upesi, kikipona huishia zaidi kwenye ini. Ndiyo maana patisiran, dawa ya kwanza ya aina hii kuidhinishwa Marekani, 2018, inalenga ini, tena kwa ugonjwa wa kurithi wa neva. Ya saratani ya mdomo haijaidhinishwa. Hospitali imesemaje?

Kidagaa: Wanasema mengi.

MzeeWaMaabara: Yapi?

Kidagaa: Upasuaji, kisha mionzi. Tarehe tuliiacha ikapita. Wanataka kukata nusu ya ulimi, mkuu! Mtu anayeishi kwa kunadi samaki! Na kliniki tumeshawapa kianzio, hawarudishi. Ningenadije?

Kanyaboya: Chai hii. Juu mjomba, chini "ningenadije". Kajiunga leo. Dalali huyu, subirini namba ya WhatsApp.

BibiShamba: Kumbe! Na mimi nimeshamwombea.

MzeeWaMaabara: Hata kama ni chai, yupo atakayesoma akiwa na kidonda kweli. Jaribio halali lina namba ya usajili na kibali cha kamati ya maadili. Waulize. Na ulimi ukikatwa, watu hufundishwa kuongea upya.

Kidagaa: Namba siweki. Kliniki wamesema hata tezi za shingoni kuvimba si tatizo.

MzeeWaMaabara: Zimevimba? Hilo ndilo ungeanza nalo! Kesho asubuhi hospitali, wewe au mjomba, yeyote mwenye huo ulimi.

Kanyaboya: Sasa analeta tezi. Msimu wa pili huo.

SukariGuru: Samahani wakuu, na kisukari wanazima?