Je, nakala ya merikebu ya kale ina haki ya kuitwa urithi wa mji?

Msafiri wa Gati aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, kwa muda sasa nimekuwa nikifuatilia habari za miji ya bandari inayounda upya merikebu za matanga zilizozama au kuoza karne nyingi zilizopita, kisha ikazifunga gatini na kuzifanya nembo ya mji. Göteborg nchini Uswidi ina merikebu Götheborg, ambayo mkuku wake, yaani mti wa chini unaobeba kiunzi chote, uliwekwa mwaka 1995 na ikashushwa majini mwaka 2003, kwa mfano wa merikebu ya biashara iliyokwenda China na kurudi salama, halafu mwaka 1745 ikagonga mwamba na kuzama mlangoni kabisa mwa bandari yake. Amsterdam ina merikebu yenye jina la mji wenyewe, iliyofungwa mbele ya makumbusho ya bahari, ilhali ile ya asili iliangamia mwaka 1749 kwenye pwani ya kusini ya Uingereza. Rochefort nchini Ufaransa iliunda upya Hermione, manowari ya matanga ambayo mwaka 1780 ilimvusha jenerali Mfaransa Lafayette kwenda Marekani.

Naelewa bila shida kwa nini Stockholm inajivunia Vasa. Chombo hicho kilizama mwaka 1628 katika safari yake ya kwanza, kikaopolewa mwaka 1961, na ubao anaoutazama mgeni leo ndio ule ule uliochongwa na mafundi wa karne ya 17. Nakala ni jambo jingine. Mbao zake zimekatwa juzi, mara nyingi kuna injini ndani, na walioiunda hawakuwahi kuiona merikebu wanayoiigiza.

Kwa hiyo nauliza: kitu kipya kinapata wapi haki ya kusimama badala ya historia ya mji? Na iwapo mji una fedha za jambo moja tu, je, ni busara kuunda kisichokuwepo badala ya kutunza kilichobaki, yaani maghala, magati ya zamani na mabaki ya vyombo yaliyomo makumbushoni?

Kalafati alijibu:

Ndugu Msafiri, nadhani umelitazama jambo hili kutoka gatini, mahali anaposimama mtalii. Mimi nimekalafati vyombo, yaani kuziba maungio yake yasivuje, na kubadilisha mbao zake kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, kwa hiyo niruhusu nikuonyeshe upande wa chelezoni.

Hermione ya asili iliundwa katika karakana za kifalme za Rochefort kwa muda usiofikia mwaka mmoja. Nakala yake ilianza kuundwa mwaka 1997, kiunzi chake kikaelea mwaka 2012, na ikavuka Atlantiki mwaka 2015. Tofauti hiyo haikutokana na uvivu wala uhaba wa fedha peke yake. Katika karne ya 18 mji ule ulijaa maseremala, wahunzi, washona matanga na wasokota kamba waliorithi kazi kutoka kwa baba zao, na misitu ilitunzwa makusudi ili itoe miti yenye mipindo inayofaa mataruma, yaani mbavu za chombo. Taruma haliwezi kukatwa kutoka kwenye ubao ulionyooka likapewa mpindo kwa msumeno, kwa sababu nyuzi za mti zitakuwa zimekatwa katikati na litapasuka siku ya dhoruba; lazima utafute mti uliojipinda wenyewe ulipokuwa ukikua, nyuzi zake zikiufuata mpindo. Mambo ya aina hii yameandikwa vitabuni kwa mistari miwili mitatu. Kuyafanya kwa mikono, kwa taruma moja baada ya jingine, ndiko kunakokula miaka, na mtu aliyeyafanya anabaki nayo mkononi.

Chukua pia mfano wa Roskilde nchini Denmark. Mwaka 1962 mabaki ya merikebu za Waviking yalifukuliwa kutoka sakafu ya ghuba iliyo karibu na mji huo. Miviringo ya ukuaji ndani ya mbao za mojawapo, ile ndefu ya kivita, ilionyesha kwamba miti yake ilikatwa karibu na Dublin mnamo mwaka 1042. Makumbusho ya Roskilde yakaunda nakala yake, Havhingsten fra Glendalough, yenye urefu wa takriban mita 30 na mabaharia wapatao 60. Ilishushwa majini mwaka 2004, ikafika Dublin mwaka 2007, ikarudi mwaka uliofuata. Kipande cha ubao kilicho ndani ya kioo kinakueleza chombo kilikuwa na umbo gani. Hakikuelezi kinajipindaje wimbi linapopita chini yake, wala watu 60 wanalala wapi mvua inaponyesha katika chombo kisicho na sitaha ya kuwafunika. Hayo yalijulikana kwa kusafiri.

Sisi tunaosoma Kiswahili tuna mfano wetu, ingawa ni wa huzuni. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za kumbi na kuendeshwa kwa tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika karne ya 20. Picha na mifano midogo ipo. Lakini kujua tundu litobolewe umbali gani kutoka ukingoni mwa ubao, kamba ivutwe kwa nguvu kiasi gani ili mshono ukaze ubao usipasuke, na lini mishono ifumuliwe ishonwe upya, ni elimu iliyokaa vidoleni mwa watu, na vidole hivyo vilipokwenda ikaenda navyo. Ndiyo maana siwezi kusema kwamba nakala ni pambo tu. Anayeunda upya chombo cha namna hiyo analazimika kuitafuta elimu ile kwa kukosea, na kukosea kwake kuna thamani kuliko picha nzuri ukutani.

Mtunza Nyaraka alijibu:

Namheshimu Kalafati kwa ujuzi wake, na katika habari ya mikono sina la kumpinga. Hata hivyo aliyeuliza ameuliza kuhusu nembo ya mji, na hapo swali halimhusu fundi hata kidogo. Linahusu nani anasimuliwa na nani ananyamazishwa.

Nenda Melaka nchini Malaysia. Makumbusho ya bahari ya mji huo yamejengwa kwa umbo la merikebu kubwa ya Kireno, Flor de la Mar. Merikebu hiyo ilikuwa ya kamanda Mreno Afonso de Albuquerque, aliyeuteka mji huo mwaka 1511, na ilizama kwenye pwani ya Sumatra mwaka huo huo ikiwa imesheheni mali iliyoporwa kutoka Melaka yenyewe. Kwa hiyo mgeni anayetaka kujua historia ya bahari ya Melaka anaingia kwanza ndani ya tumbo la chombo kilichoupora. Sisemi kwamba wenyeji wamekosea. Huenda kuugeuza ubavu wa mporaji kuwa ukumbi wa kusimulia habari zako ni kisasi kizuri kuliko vyote. Ninachosema ni kwamba nembo hiyo inahitaji maelezo mengi, na mtu anayepiga picha nje na kuondoka hayapati.

Wakati mwingine nembo haina hata uhusiano na mahali ilipo. Nakala ya Batavia, merikebu ya Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki iliyoangamia mwaka 1629 karibu na Australia ya Magharibi, iliundwa kati ya mwaka 1985 na 1995 huko Lelystad. Merikebu ya asili ilipoundwa Amsterdam, mahali ulipo mji wa Lelystad palikuwa chini ya maji. Nchi ile ilikaushwa katika karne ya 20, na wakazi wa kwanza walihamia mwaka 1967. Yaani mji umejitwalia urithi wa bahari ukiwa umesimama juu ya iliyokuwa sakafu ya bahari. Columbus katika jimbo la Ohio, Marekani, ulikwenda mbali zaidi, kwani uko mbali kabisa na pwani lakini uliweka nakala ya Santa María mtoni katika maadhimisho ya mwaka 1992, kwa sababu tu mji unaitwa kwa jina la nahodha wake, Kristofa Kolumbo. Mwaka 2014 kingo za mto zilipotengenezwa upya, merikebu iliondolewa, ikakatwa vipande na kuwekwa ghalani. Nembo ambayo mji unaweza kuikata vipande na kuendelea na shughuli zake, kwa maoni yangu, haikuwa imeshika mizizi.

Kuhusu usahihi nitasema kwa ufupi. Ramani za ujenzi za Santa María hazipo, na za Mayflower, merikebu iliyowapeleka walowezi Waingereza Marekani mwaka 1620, vilevile. Anayeunda nakala zake anaunda merikebu ya kawaida ya zama zile kwa kadiri wataalamu wanavyoikisia, halafu anaipa jina maarufu. Kibao kilichopo gatini kingefaa kulisema hilo kwa maandishi makubwa kama yale ya jina.

Tanga Moja alijibu:

Wenzangu wamezungumzia kuunda na kusimulia. Mimi naomba niongeze kutunza, maana ndiko miradi mingi inakokwama baada ya ngoma za siku ya kushusha chombo majini kunyamaza.

Watu wengi hudhani kwamba adui wa merikebu ya mbao ni maji ya bahari. Chumvi huzuia kuvu kwa kiasi fulani. Maji ya mvua yanayopenya kutoka juu kupitia maungio ya sitaha na kutuama mahali pasipopita hewa ndiyo yanayoozesha, na merikebu iliyofungwa gatini mwaka mzima, bila watu wa kuimwagia maji ya bahari, kuifungulia hewa na kukagua ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani yake, inaoza ikiwa imependeza. Hermione aliyoitaja Kalafati ilipandishwa chelezoni karibu na Bayonne mwaka 2021 na kukutwa na kuvu ndani ya kiunzi chake, miaka michache tu baada ya safari yake ya Marekani. Mayflower II, nakala ya Mayflower iliyovuka Atlantiki mwaka 1957 na kubaki Plymouth, Massachusetts, ililazimika kukaa katika karakana za Mystic, jimbo la Connecticut, kuanzia mwaka 2016 hadi 2020 ili sehemu kubwa ya mbao zake zibadilishwe.

Na kuna hatari isiyohusu fedha. Bounty, nakala iliyoundwa mwaka 1960 kwa ajili ya filamu, ilizama Oktoba 2012 mbele ya pwani ya North Carolina katika kimbunga Sandy. Watu 14 kati ya 16 waliokolewa. Baharia mmoja alikufa na nahodha hakuonekana tena. Bahari haiulizi kama chombo ni cha asili au ni nakala.

Kwa hiyo, Ndugu Msafiri, kuhusu sehemu ya pili ya swali lako: kama mji una fedha za kuunda lakini hauna za kuajiri mafundi mwaka baada ya mwaka, utunze maghala yake. Ghala lenye paa zima linaweza kusubiri bajeti ijayo. Merikebu ya mbao haisubiri.

Msafiri wa Gati aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Nakiri kwamba nilikuwa nimesahau kabisa upande wa mafundi, na mfano wa mtepe umenigusa. Mfano wa Melaka nao umenifanya nitambue kwamba swali langu la kwanza lilikuwa limeegemea mno umri wa mbao.

Limebaki jambo moja. Nimesoma kwamba Götheborg ina injini za dizeli na vifaa vya kisasa chini ya sitaha. Je, hilo haliharibu maana yote ya nakala? Kalafati, unalionaje?

Kalafati alijibu:

Sheria za usalama hazimruhusu mtu kupakia makumi ya watu na kuvuka bahari kwa masharti ya mwaka 1745, na mimi nisingependa ziruhusu. Kwenye Götheborg utaratibu ni huu: yanayoonekana juu, yaani milingoti, foromali (miti inayobeba matanga), kamba na matanga, yanafanya kazi kwa mikono kama zamani, na ya kisasa yamefichwa chini. Kwa chombo kilichofika Guangzhou mwaka 2006 na kurudi nyumbani mwaka 2007, naona ni mapatano ya haki. Nakala isiyo na injini lakini isiyotoka gatini inanifundisha kidogo kuliko yenye injini inayokwenda.

Nikubaliane na Mtunza Nyaraka katika jambo moja ambalo nililipita haraka. Ujuzi nilioutetea ni wa mafundi wa mahali fulani, na chombo kikiundwa mbali nao faida yake kwa mji hupungua. Mayflower II yenyewe iliundwa Brixham, Uingereza, na waliojifunza kuishika kiundani ni watu wa Mystic walioibadilisha mbao miaka 60 baadaye. Ajabu ni kwamba mwaka 2020, ilipotoka karakanani, iliandikishwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya mahali pa kihistoria kwa ajili ya historia yake yenyewe, siyo ya mama yake wa mwaka 1620. Ndugu Msafiri, uliuliza kitu kipya kinapata wapi haki hiyo. Hicho kimoja kiliipata kwa kukaa majini na kutunzwa kwa zaidi ya miaka 60.

Na kuhusu faida ya nakala inayokwenda baharini, Aprili 2023 jahazi dogo la starehe lilivunjika usukani mbele ya pwani ya Ufaransa na kuomba msaada kwa redio. Aliyekuwa karibu alikuwa Götheborg. Waliokuwa jahazini walipoambiwa kwamba atakayewavuta ni merikebu ya milingoti mitatu walidhani wanataniwa, hadi walipoiona ikija. Wakatupiwa kamba, wakavutwa hadi karibu na Paimpol.