Kila nikisoma utafiti wa usingizi ndivyo usingizi unavyozidi kunikimbia. Naombeni ushauri

Mkeshaji:
Habarini wakuu. Kwa miezi sasa nasumbuliwa na usingizi. Kulala nalala, ila ikifika saa nane au saa tisa usiku macho yananitoka, na hapo sipati tena lepe la usingizi mpaka alfajiri inakaribia. Nimesoma kwamba mtu mzima lazima alale masaa 8, na anayelala pungufu anajitafutia maradhi ya moyo na usahaulifu uzeeni. Basi siku hizi napanda kitandani saa mbili na nusu usiku ili nifidie. Nikishtuka naangalia simu na kupiga hesabu: nikisinzia sasa hivi nitapata masaa manne; baada ya muda, matatu na nusu. Nimenunua pia saa ya mkononi inayopima usingizi. Asubuhi ikiniambia usingizi mzito ulikuwa mdogo, nashinda na hofu siku nzima. Je, ni kweli najimaliza? Na hizi tafiti zinamsaidiaje mtu wa kawaida?

Nesi wa Zamu:
Pole sana mkuu. Kwanza ondoa hofu, kuamka usiku peke yake si ugonjwa. Usingizi huenda kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na kati ya mzunguko na mzunguko watu wengi huamka kidogo, wakajigeuza na kulala tena bila hata kukumbuka. Usingizi mzito mwingi huja mwanzoni mwa usiku. Hiyo saa tisa unayoiogopa inakukuta kwenye usingizi mwepesi na wa ndoto, kwa hiyo kushtuka ni rahisi. Ukishapiga hesabu, moyo unaanza kwenda mbio, na hapo umeamka kweli. Simu iweke mbali na kitanda, saa ya ukutani igeuze.

Nijibu na haya: unakoroma? Unashtuka kama mtu aliyekabwa pumzi? Unaamka na kichwa kinauma, mchana unasinzia hata umekaa na watu? Kama ndiyo, muone daktari kabla ya kujaribu lolote. Kuziba pumzi usingizini hakutibiki kwa kubadili ratiba.

Hesabu Kwanza:
Niongelee hizo namba maana zinawaumiza wengi. Mwaka 2015 vyama viwili vya Marekani vya wataalamu wa usingizi vilikaa pamoja, vikapendekeza masaa 7 au zaidi kwa mtu mzima. Hakuna 8 ya lazima hapo.

Zile tafiti za moyo nyingi hufuatilia watu kwa miaka na kulinganisha masaa yao na maradhi yaliyowapata. Ila maumivu, msongo na ugonjwa ambao bado haujagunduliwa navyo hukatiza usingizi, hivyo si rahisi kujua kipi kilitangulia. Ndiyo maana hata wanaolala zaidi ya masaa 9 huonekana kufa mapema, labda kwa kuwa baadhi yao walishakuwa wagonjwa.

Kuna jaribio la mwaka 2003 ninaloliheshimu. Watu wenye afya waliwekwa maabara siku 14. Waliopewa masaa 6 tu kitandani umakini wao uliporomoka siku hadi siku, mpaka wakawa kama watu waliokesha, na wenyewe hawakuona kuwa wamechoka kiasi hicho. Lakini soma vizuri: hao walinyimwa usingizi. Wewe muda wa kulala unao tele, usingizi ndio hauji. Haya ni matatizo mawili tofauti, na dawa ya la kwanza, yaani kulala mapema, ndiyo inayolea la pili.

Hiyo saa ya mkononi nayo inakisia kwa mtikisiko wa mkono na mapigo ya moyo, wakati maabara husoma mawimbi ya ubongo kwa vipimo vya kichwani. Mwaka 2014 watafiti waliwadanganya wanafunzi kuwa kipimo kimeonyesha wamelala vibaya, na kwenye mitihani ya umakini wakafanya vibaya kweli. Ivue.

Mama Lulu:
Mdogo wangu, nimepita humo. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilisema tiba ya kwanza ya kukosa usingizi kwa muda mrefu ni ya kubadili fikra na tabia, vidonge baadaye. Mimi nilianza kwa daftari: nimelala lini, nimeamka lini, kwa makadirio. Ikaonekana nalala kama masaa 6 lakini kitandani nakaa 9. Mtaalamu akanipa masaa 6 tu ya kitanda: kupanda saa sita usiku, kuamka saa kumi na mbili asubuhi, nimelala nisilale. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, saa tatu usiku nasinzia na kikombe mkononi. Usiku nikishtuka na usingizi ukagoma, natoka chumbani, nawasha taa hafifu, nakunja nguo mpaka kope zinakuwa nzito. Baadaye nikawa naongezewa dakika 15, kidogo kidogo. Usishuke chini ya masaa 5, na kama una kifafa, au unaendesha gari masafa marefu, usijaribu bila msimamizi.

Mkeshaji:
Asanteni sana, mmenifungua macho. Saa naivua leo. Mchana sisinzii, nachoka tu. Kukoroma sijui, nalala peke yangu. Na kahawa ya saa kumi na moja jioni ina neno? Nikinywa wala sioni tofauti.

Nesi wa Zamu:
Ina neno kubwa. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kama masaa 5 baadaye, kwa wengine zaidi. Mwaka 2013 watu walipewa dozi kubwa masaa 6 kabla ya kulala, wakapoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi, na wenyewe hawakuhisi. Iishie kabla ya adhuhuri. Kuhusu kukoroma, acha simu ikirekodi sauti usiku, iwe mbali na mkono wako, usikilize mchana. Ukisikia ukimya halafu pumzi inakuja kwa kishindo, peleka rekodi hiyo kwa daktari. Daftari anza usiku wa leo, na uandike asubuhi, si ukiwa kitandani.