Koo la mwanangu, na habari ya kukatwa kimeo

mama_wa_Gando:
Asalaam aleikum. Mwanangu ana miaka saba, tangu juzi analalamika koo. Usiku wa kuamkia leo kachemka mwili mzima, uji hataki, hata mate akimeza anakunja uso. Hana mafua wala hakohoi. Nampa maji ya tangawizi na ndimu, na nusu kidonge cha panadoli homa ikipanda. Kwenye friji imebaki nusu chupa ya amoksilini aliyopewa mdogo wake mwezi uliopita. Mkwe anasema ni kimeo kimeshuka, kuna mzee anakata, dakika moja tu basi. Mume wangu yuko Unguja, nikimpigia ananambia msikilize mama. Sitaki kumvunjia mkwe heshima, lakini roho yangu haitaki.

mvuvi_tu:
Sote tumekatwa kimeo na tu hai. Kikiwa kirefu mtoto hatulii mpaka kitoke.

nesi_mstaafu_Mkoani:
Wa aleikum salaam mwanangu. We mvuvi, waliokwenda vibaya hawaji humu kuandika. Mimi nimewapokea usiku, kanga ya mama imeroa damu, na mtoto kameza nyengine anaitapika nyeusi.

Kimeo hakishuki. Koo likivimba nacho huvimba, na kwa kuwa kinaning'inia katikati, anayechungulia hukiona hicho kwanza, basi kinabebeshwa lawama zote. Ukikikata, maradhi yanabaki palepale kwenye mafindofindo, na umeongeza kidonda kibichi. Wembe wenyewe hujui umepita wapi; pepopunda na virusi vya ukimwi hupitia humo humo.

Kama anatokwa udenda kwa kushindwa kumeza, au anahema kwa tabu na pumzi inapiga sauti, usimtie kijiko mdomoni. Mpakie gari mwende hospitali sasa hivi. Kama hana hayo, chukua tochi ya simu, mwambie atanue, ukandamize ulimi kwa mkia wa kijiko. Tizama mafindofindo pande zote mbili, yana madoa meupe? Kisha mpapase chini ya taya, tezi zimevimba, zinauma?

Ungenambia ana mafua, anakohoa na sauti imekauka, ningekwambia kaa naye, mpe vya uvuguvugu. Koo nyingi za namna hiyo ni virusi, wiki moja zimeondoka, na antibayotiki hazizisaidii kitu. Lakini homa kali bila kikohozi, kwa mtoto wa skuli, hapo nahofia bakteria wa streptokokasi. Koo lake hupoa hata bila ya dawa, ndiyo maana watu hudharau. Tatizo likija, huja wiki mbili tatu mbele: kinga ya mwili iliyokuwa ikipigana na bakteria inaugeukia mwili wenyewe. Magoti na vifundo vinauma, na valvu za moyo zinaweza kuharibika moja kwa moja. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Mtoto anaishia kupelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, kwa jambo ambalo dawa yake ni rahisi.

Ile chupa ya friji imwage. Ikishatiwa maji haifiki zaidi ya wiki mbili, na dozi ya mdogo si ya mkubwa. Anza kituo cha afya cha karibu, wakiona haja watakupa rufaa hospitali ya Wete.

Mkwe usibishane naye. Mchukue mwende naye, amuulize daktari mwenyewe habari ya kimeo. Mtu mzima akipewa kiti na akasikilizwa, hulainika.

mama_wa_Gando:
Tumerudi. Madoa meupe yapo, tezi zimevimba, kapewa amoksilini ya siku kumi kwa uzani wake. Mkwe kauliza masuali mpaka foleni ikanung'unika! Kimeo hakitaji tena. Sasa kashika chupa ya asali, anataka kumlambisha na huyu mdogo wa miezi minane ili asiambukizwe.

nesi_mstaafu_Mkoani:
Alhamdulillahi. Mdogo asionjeshwe asali kabisa mpaka atimize mwaka. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga haliziwezi, zikamlegeza misuli hadi ya kupumulia. Mkubwa mpe kijiko usiku, ruhusa. Na kama mkwe anataka kazi, mpe ya chumvi: nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, amsimamie mjukuu asukutue na ateme.

Kesho kutwa utamuona anakimbia uani, na hapo ndipo mama wengi huiweka chupa pembeni. Wewe mpe mpaka siku ya kumi. Skuli na chuo cha Kurani arudi akishamaliza siku nzima na dawa na homa imeshuka. Ikipita siku ya tatu bado anachemka, au kinywa hakifunguki vizuri, au shingo imevimba upande mmoja, mrudishe usingoje. Na kikombe chake mdogo wake asikitumie.