NYUMBA YA MAMA (kikundi cha familia)

Kaka: Jamani habari za asubuhi, shikamoo Mama, shikamoo Mjomba. Vigingi vishapigwa na kamba zimefungwa zote, fundi anasema Jumatatu anaanza kuchimba msingi. Mwenye neno aseme leo maana tukishachimba ndo basi

Kitinda: Hongera kaka 👏🏾 picha basi

Dada: Shikamoo kaka. Naomba kabla hajachimba Mama aingie humo atembee. Mwaga chokaa chini ya kamba za kuta zote, milango acha wazi, apite kama vile nyumba ishasimama. Kwenye ramani sote tulisema vyumba vinatosha lakini ramani haina kitanda ndani

Mjomba: Mpwa umenena. Mi nilijengewa nikiwa safarini, kuja kuingiza vitu mlango wa kabati unagota kitandani, mpaka leo naufungua nusu

Kaka: Sawa nampeleka mchana

Kaka: Tumerudi. Ngoja niandike yote. Chumba cha Mama kwenye ramani ni mita 3 kwa 3 ila fundi kaniambia hiyo ni katikati ya ukuta mpaka katikati ya ukuta, ukitoa tofali za sentimita 15 na plasta unabaki na 2.8 tu. Nikatandika mkeka wa upana wa mita moja na nusu pale pa kitanda, nikalaza ubao wa sentimita 60 pale pa kabati, Mama akasimama katikati ajaribu kugeuka na fimbo yake. Fimbo ikakanyaga chokaa. Akarudia, ikakanyaga tena, akaniangalia tu hakusema kitu

Dada: Imeniuma hiyo. Basi sebule itoe sentimita 60 chumba kiwe 3.6, sebule ni kubwa haitaonekana hata. Na korido je

Kaka: Korido ni 90, kwa fimbo inapitika vizuri

Dada: Leo ni fimbo kaka. Tunamjengea azeekee humo. Kiti cha magurudumu kwenye 90 kitanyooka kiende lakini kukata kona kuingia chumbani ni kazi nyingine. Ifike mita 1.2, na mlango wake fremu ikishakaa ibaki nafasi ya kupita sentimita 80 au zaidi

Mama: Wanangu chumba mtakipanua najua. Mimi kinachonitisha ni ngazi. Fundi alinionyesha kwa mkono sakafu itakapofika pale mlango mkubwa, inanifika mapajani

Kitinda: 😳 mapajani?? si tulisema nyumba ya chini isiyo na ngazi

Kaka: Ndo hilo nilikuwa nalileta. Tulipima na ule mpira wa maji wa kuangalia usawa, kiwanja kinashuka sentimita 60 kutoka kona ya juu hadi ya chini, kwa macho huoni kabisa. Sakafu lazima ipande 15 juu ya udongo hata upande wa juu ili mvua isiingie, kwa hiyo upande wa chini inakuwa 75, na mlango mkubwa umechorwa huko huko chini

Mjomba: Mteremko wa kiti cha magurudumu kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za urefu. 75 ni mita 9 hizo, ua wote unaisha

Dada: Na upande wa juu?

Mjomba: 15 mara 12, mita 1.8. Kama kibaraza tu

Dada: Basi tuigeuze nyumba, mlango mkubwa utazame juu. Sasa hivi tunahamisha kamba na chokaa, mwezi ujao itakuwa kubomoa

Kaka: Nakubali, ila mchoraji aichore upya na irudi kwa waliopitisha kibali, nisije nikasimamishwa kazi katikati. Jumatatu hakuna kuchimba

Mjomba: Halafu mkiweka mlango juu, maji ya mvua yanashuka kuelekea huko huko. Chimbeni mfereji uyakate kabla hayajafika kibarazani na uyazungushe pembeni. Mabomba ya choo nayo yalale kabla ya jamvi, yaani zege la sakafu, kila mita ishuke sentimita 2.5, na kabla ya kumwaga zege muyapige picha futi ikiwa imelala pembeni, siku bomba likiziba mtajua pa kupasua

Kitinda: Picha nitapiga mimi. Na kumwagilia jamvi niachieni, wiki nzima asubuhi na jioni

Mjomba: Vizuri mwanangu, siku 7 zisipungue. Na fundi akitaka kuongeza maji kwenye zege ili limwagike kirahisi mkatalie, zege la maji mengi halina nguvu

Mama: Chumba changu kikigeuka dirisha litatazama wapi?

Kaka: Kwenye mwembe Mama

Mama: Alhamdulillahi. Huo msiukate

Dada: Hatuukati Mama. Kaka msingi upo umbali gani na mizizi?

Kaka: Kesho saa moja asubuhi napima, nikisetia kamba upya. Mama uje na mkeka